Jenerali Aliyekimbia Theluji

Mapendo mwanangu, wewe uliyebeba jina la mama yangu,

Nakuandikia nikiwa kazini, chumba cha kufulia cha hoteli, hapa Bloomington, nyuma ya karatasi za kuhesabia mashuka. Ni mapumziko ya jioni. Wenzangu wanakula, mimi nimeweka chakula pembeni. Nikirudi nyumbani utakuwa umelala, au utajifanya umelala. Najua. Miaka minne sasa, nikiingia sebuleni, wewe unakumbuka kitu ulichosahau chumbani. Na kesho asubuhi unaondoka.

Habari za matairi, mafuta ya gari na kuvaa soksi mbili sitaziandika. Mama yako mdogo, Mama Bora, ameshakuandikia ukurasa mzima, na jana nimeona ameongeza mwingine. Mimi nakuandikia habari ya mshenzi mmoja.

Ni yule jenerali wa Wafaransa. Yule aliyejivika taji, akashika karibu Ulaya yote, akaenda Urusi na umati wa askari akarudi peke yake. Jina lake halipati wino wangu. Limeandikwa mno na watu wasio na kazi, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Unamjua vizuri. Nilikulisha hadithi zake kambini Tanzania, pamoja na ule ugali wa unga wa njano. Ulikuwa na miaka sita, baba yako, kaka yangu, amebaki kwenye vita, na wewe ulikuwa hulali mpaka nikuambie jinsi jenerali alivyolala dakika ishirini juu ya farasi akaamka ameshinda. Ulikuwa ukiniuliza, "Baba mdogo, na farasi alilala saa ngapi?" Swali zuri. Sikulijibu kwa sababu sikuwa nimewahi kumfikiria farasi.

Mimi nilimkuta kitabuni, mwaka wa pili wa sekondari, Uvira. Mwaka wa tatu vita iliifunga shule kabla mimi sijaimaliza, lakini miaka yangu miwili niliisoma kama wengine wanavyosoma kumi, na mwalimu wa historia mwenyewe alikuwa akinisubiri nimalize kusema ndipo aendelee. Kitabuni kulikuwa na picha: yeye juu ya farasi mweupe, farasi amesimama kwa miguu ya nyuma, joho linapepea, anavuka milima. Nilisema moyoni, huyu ni mimi.

Sasa sikiliza. Mwaka jana nilikwenda maktaba ya pale Brooklyn Park, nikachukua kitabu cha watoto, maana Kiingereza cha wakubwa kinaniumiza kichwa. Mle ndani wameandika kwamba mlima ule aliuvuka juu ya nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi. Nyumbu! Tena akiongozwa na mwenyeji wa huko, polepole, kama mgonjwa anayepelekwa zahanati. Kisha akaenda kwa mchoraji akaletewa farasi. Nilicheka peke yangu mpaka mama wa maktaba akanitazama. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilikumbuka koti langu.

Unalikumbuka koti. Jekundu, vifungo vya dhahabu safu mbili, kamba mabegani. Nilikuambia nilipewa na kanali mmoja wa Kimarekani baada ya kumsaidia jambo la siri. Nililinunua kwenye duka la mitumba. Lilikuwa la mpiga tarumbeta wa bendi ya shule, na mfukoni mlikuwa na kitambaa cha kupangusia tarumbeta. Basi, huo ndio ukanali wenyewe.

Sisemi hadithi zangu zote ni uwongo. Ile ya kiboko wa mto Ruzizi ni kweli, alinitazama nikamtazama, akapisha. Na ni kweli kwamba hapa hotelini hakuna mwanamume wala mashine inayokunja shuka la kitanda kikubwa kunishinda; meneja aliniita nikawaonyeshe watu wa hoteli ya jirani. Hayo yaache yalivyo. Lakini hii ya Fargo nimeisema uwongo miaka minne, na wewe umenisikiliza ukisema uwongo huo, umekaa kimya. Sasa unahamia huko huko Fargo, kwenye chuo cha uuguzi, kwa barabara ile ile. Sitaki uipite ukiwa na maneno yangu ya zamani kichwani.

Naanzia juu, kwa sababu mtu haanguki kabla hajapanda.

Mwaka ule treni mpya ya kwenda Saint Paul ilipoanza, umoja wetu wa familia za Brooklyn Park ulikuwa na desturi yake: kila baada ya miezi sita kengele ya mkutano inapewa mtu mwingine. Ilikuwa kengele ndogo ya mbuzi, Mzee Lubunga aliitoa nyumbani, akavuka nayo mipaka. Anayeshika kengele ndiye mwenyekiti. Zamu yangu ilipofika, Mzee Lubunga alisimama kwa ile heshima yake ya pole pole, akaanza kusema maneno ya kukabidhi. Mimi sikungoja. Niliichukua kengele mkononi mwake akiwa katikati ya sentensi, nikaigonga mwenyewe. Watu walipiga makofi wakidhani ni mzaha. Yeye alibaki na mkono wazi, hivi, mbele ya watu.

Jenerali naye alifanya hivyo hivyo na taji. Wamemleta mkubwa wa kanisa zima kutoka Roma, mzee wa watu, amvike. Yeye akalichukua akajivika. Nilipokuwa kijana niliona huo ni ushujaa. Leo naona mtu asiyejua kupokea kitu.

Miezi sita ikaisha, kengele sikuirudisha. Nilisema hali ni ngumu, tubadilishe kidogo taratibu. Shemeji yangu nikamfanya katibu, hajui kuandika hata jina la mtaa wake. Binamu yangu nikamfanya msemaji, na ana kigugumizi. Jenerali naye aliwagawia ndugu zake nchi kama mtu anayegawa vipande vya mkate, huyu Hispania, huyu Uholanzi, na wote wakafukuzwa. Mikutano ikawa ni mimi kusema na watu kuangalia simu. Nikaona wananiheshimu.

Ndipo ikaja posa ya Amani. Huyu Amani unamjua, fundi wa magari, kijana mpole, alikuwa amepata mchumba kwa familia moja ya kwetu iliyopelekwa Fargo. Umoja ukaamua kumsindikiza Jumamosi moja ya Januari, magari mawili: lake jipya, lenye viti vinavyopasha moto makalio, na van yangu.

Unajua desturi yetu. Kule milimani msafara wa kuposa unakwenda kwa mstari, na mkubwa wa msafara anatembea wa mwisho kabisa. Yeye akishaingia uani, wenyeji wanajua hakuna aliyebaki njiani, ndipo wanafunga ua na kuleta maji ya kunawa. Hapa Amerika miguu imekuwa magari, lakini mkubwa bado anapanda gari la mwisho.

Asubuhi ile, pale kwenye maegesho, Mzee Lubunga aliniambia taratibu, ili wengine wasisikie, "Mwenyekiti, wewe nyuma."

Nikasema kwa sauti, ili wengine wasikie, "Nyuma ni ya mbuzi, mzee."

Kuna waliocheka. Nilipanda mbele, kwa Amani, kwenye kiti cha moto, nimevaa lile koti. Mzee Lubunga akaingia kwenye van nyuma, na mwanawe akashika usukani, na Mama Bora, na wanawake wengine wawili, na wewe. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, ulikuwa umesuka nywele kwa ajili ya safari.

Jambo moja hulijui. Van ilikuwa na blanketi tatu na sepetu ya theluji, Mama Bora huziweka humo kila mwaka Novemba. Niliziteremsha nikaziacha barazani, nipate nafasi ya makreti ya soda. Nilitaka tukishusha zawadi zionekane nyingi. Televisheni ilikuwa imesema theluji inakuja tangu Alhamisi. Mama Bora alisema, "Baba Bora, wanasema barabara itafungwa." Nikamjibu, "Mimi nimevuka ziwa kwa mtumbwi unaovuja, nitishwe na maji yaliyoganda?" Nilikuwa najipenda sana siku ile.

Yule mwingine naye aliambiwa. Wote walimwambia, hata balozi wake aliyekaa Urusi alimwambia baridi ya huko ikoje. Akawapeleka watu na viatu vya kiangazi.

Tulipopita mji wa Alexandria, katikati ya safari, mbingu ikashuka barabarani. Wewe ulikuwemo, sina haja ya kukueleza. Simu ikalia, ilikuwa sauti ya mwana wa Mzee Lubunga: "Baba, tumeteleza, tuko mtaroni, gari limelala upande." Nikasema, "Nakuja." Hilo neno nililisema, na nilipolisema lilikuwa kweli. Amani akageuza kwenye njia ya kutokea, tukarudi kwa upande wa pili wa barabara, tunatambaa kama kobe.

Kuanzia hapa ndipo nilipodanganya. Niliwaambia wote kwamba theluji ilikuwa ukuta, kwamba hatukuwaona, kwamba nilifanya uamuzi wa kiume kukimbia Brooklyn Park kuleta watu na kamba. Mapendo, niliwaona.

Amani ndiye aliyeona kwanza. "Baba, wale pale! Taa za dharura."

Nikasema, "Endesha."

"Baba, wamekwama."

"Nimesema endesha. Tunakwenda kuleta msaada."

Akanitazama. "Msaada ni sisi, baba."

Akaendesha. Usimlaumu Amani. Alikuwa anaposa, na mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Angenikosea, nani angemwombea mke? Alinifikisha nyumbani akageuza palepale peke yake kurudi kwenu, na njiani amepiga simu polisi mara tatu.

Kwa nini nilisema endesha? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Baridi niliiogopa, ndiyo. Lakini siyo baridi. Mzee Lubunga alikuwa amesimama nje ya van, ameinua mkono kusimamisha magari, ule ule mkono niliouacha wazi siku ya kengele. Nilijua nikishuka atanitazama tu, hatasema neno. Ilikuwa hatua hamsini kuvuka. Sikuweza kuvuka kwenda kutazamwa hivyo. Na taa ya ndani ya van ilikuwa inawaka, na dirisha la nyuma lilikuwa limejaa ukungu, na kuna mkono uliokuwa unapangusa kioo, unafanya duara. Nikaona nywele zilizosukwa. Nikaona umeona vifungo vya koti langu. Ukainua mkono.

Nikageuza uso mbele.

Nilipofika nyumbani nilivua viatu, nikaweka miguu kwenye kipasha joto, nikachemsha chai. Ya tangawizi. Niliweka sukari nikaonja nikaongeza. Blanketi tatu zilikuwa hapo barazani, nilizipita nikiingia. Wakati huo wewe umejifunga miguu kwa vitenge vya mama wa bibi harusi, mkulima mmoja mzungu hajatokea bado na trekta lake, na Mzee Lubunga anapoteza vidole viwili vya mguu wa kushoto.

Jenerali aliwaacha askari wake huko, wanakula farasi waliokufa, akapanda kigari cha kuteleza juu ya theluji, chenye manyoya ndani, akakimbilia Paris. Na hiyo haikuwa mara ya kwanza, Misri nako aliwatoroka. Halafu akatoa tangazo kwa nchi nzima: baridi ndiyo iliyotumaliza, na afya ya mkubwa haijawahi kuwa njema kama sasa. Kweli kabisa, aliandika hivyo, wajane wasome. Mimi langu nililitoa kanisani Jumapili iliyofuata, nimevaa koti. Nilisema habari za theluji ya Amerika kwa robo saa. Nikamaliza kwa kuwatoa hofu: "Mimi mwenyewe Mungu amenilinda, sina hata mafua." Mzee Lubunga hakuwepo, alikuwa hospitali. Wewe ulikuwa benchi la pili. Ulisimama ukatoka, na mlango ulifungwa polepole sana.

Kule Fargo walijibu kwamba hawawezi kumpa binti kwa msafara ambao mkubwa wake amelala kwake. Amani hakumwoa yule. Kengele ilikuja kuchukuliwa nyumbani na wanawake watatu, wakaipokea kwa Mama Bora bila kuniuliza. Ili nisiaibike sana wakanipa kazi ya kupanga viti. Mfaransa alipewa kisiwa kidogo akitawale, mimi nilipewa viti vya plastiki. Na kama yeye, sikutulia: kiangazi nilichoma mbuzi mzima, nikaalika watu, nikahutubia, nikarudi kwenye uenyekiti. Nilikaa Jumapili tatu. Ya nne watu walikuja wakakaa wamegeuza viti vyao upande wa Mzee Lubunga. Basi kisiwa changu cha mwisho kikawa kile kiti cha sebuleni. Yeye kwenye chake aligombana na walinzi miaka yote kwa sababu hawakumwita kwa cheo chake. Mimi niligombana nanyi kwa rimoti.

Unaweza kufikiri nilijua haya yote siku zile. Hapana. Mwezi uliopita bado nilikuwa najivuna. Kuna mama wa Haiti tunakunja naye mashuka, Madame Yolande, tunaongea Kifaransa. Nikamwambia, kwa majivuno yangu, "Mimi nami nilikuwa na Urusi yangu." Nikamsimulia, ile hadithi ya uwongo. Nikamtaja jenerali. Akaacha shuka likaanguka.

"Huyo ndiye mtu wako? Huyo aliyetuma meli kwetu kurudisha minyororo? Mkubwa wetu aliitwa kwa maongezi, akakamatwa, akafungiwa kwenye ngome ya baridi milimani mpaka akafa. Na wewe, mweusi kama sufuria yangu, umejilinganisha naye?"

"Sikujua hilo," nikasema. Kitabu chetu hakikuwa nalo.

"Askari wake tuliwatandika, homa ikawamalizia. Hilo nalo hukujua?"

"Hapana."

Akaokota shuka, akanipa ncha. Tukakunja. Kisha akauliza, kama anauliza saa, "Na binti yako aliyekuwa kwenye gari, alisemaje ulipokwenda kumchukua?"

Mimi, niliyemnyamazisha mwalimu wa historia, nikachukua shuka lingine. Sikwenda kukuchukua. Wala sijakuuliza mpaka leo ulisemaje. Nimekuona umeacha kunijibu kwa Kiswahili, unanijibu kwa Kiingereza, maneno mawili, kama unavyomjibu mtu wa benki, na nikawaambia watu kwamba watoto wa hapa ndivyo walivyo.

Koti nimelitupa kwenye pipa la hoteli. Sitafuti sifa kwa hilo, lilishanibana tumboni. Na kwa Mzee Lubunga nilikwenda wiki hii. Nilikaa mlangoni kwake, nikamwambia kama nilivyokuandikia, mpaka ile chai. Alisikiliza yote. Akasema, "Hilo nililijua, nililiona gari." Nikauliza kwa nini hakuniumbua. Akasema, "Nilikuwa naogopa utakuja na hadithi nyingine." Halafu akamwita mwanawe alete kiti. Sijui kama ni msamaha, alinipa kiti tu.

Wewe sikuombi hata kiti. Nataka tu ujue kwamba mkono wako ulionekana. Nadhani miaka hii yote umekuwa ukijiuliza kama nilikuona. Hukuota, na hukunionea. Aliyekuwa anaongopa ndani ya nyumba ile ni mimi.

Na ukiwa huko, ukakutana na mtu wa vifungo, awe daktari, awe mchungaji, awe kijana anayetaka kukuoa, mwenye maneno kama yangu, mwache aongee. Sisi tunaongea vizuri, utafurahi. Wewe angalia tu amekaa gari gani.

Mama Bora ameniambia ulivyosema: unaendesha mwenyewe, hutaki kusindikizwa. Sawa. Njia ni yako na sitaingia ndani ya gari lako, wala sitakupigia simu njiani. Ila nami kesho sina kazi, na van inatembea. Nitakuwa nyuma yako. Usigeuke kutafuta, utaiona kwenye kioo, ile yenye taa moja, ya kushoto imekufa. Blanketi tatu zimo, na sepetu, na soda hamna. Ukifika mlangoni kwa hao unaokwenda kukaa nao, ingia. Ukishafunga mlango, nitageuza.

Na ukipunguza mwendo pale baada ya Alexandria, nitapunguza. Ukipita bila kutazama, nitapita.

Ukipangusa kioo, nitasimama.

Baba yako mdogo,
wa gari la mwisho